Kumlinda Kasuku Nyumbani Mtwara na Lindi: Tuanze na Hewa Anayovuta

Wafugaji wengi wanaoniletea kasuku wagonjwa huanza kwa kuniuliza kuhusu chakula, ilhali mimi huanza kwa kuwauliza tundu limewekwa wapi, jiko liko upande gani na jioni nyumba hufukizwa nini. Sababu yake iko katika maumbile ya ndege. Mapafu yake hayatanuki kama yetu, bali hewa husukumwa na vifuko vilivyotapakaa mwilini na kupita kwenye mapafu ikielekea upande mmoja, hivyo oksijeni huingia kwenye damu kwa wepesi mkubwa, na sumu iliyomo hewani nayo huingia kwa wepesi uleule. Moshi unaomfanya mtu mzima akohoe kidogo tu unaweza kumuua kasuku kabla hujamaliza kupika.

Hatua ya kwanza: uhalali wa ndege

Kasuku mwenye kichwa cha kahawia anayeonekana katika misitu na mashamba ya pwani yetu ya kusini ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata au kummiliki bila kibali. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye ndiye hodari wa kuiga maneno, si mwenyeji wa pwani hii, na tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambacho hakiruhusu biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini. Omba nyaraka kabla ya kutoa fedha, na ukiwa na shaka muulize afisa wanyamapori wa halmashauri yako. Kinda anayeuzwa kando ya barabara usimnunue hata kwa huruma, kwa kuwa fedha yako ndiyo itakayomrudisha muuzaji kwenye kiota kingine.

Hatua ya pili: mahali pa tundu na hewa ya nyumba

Weka tundu sebuleni, upande mmoja ukiegemea ukuta, kwenye mwanga wa kutosha lakini mbali na jua la mchana na mbali na jiko. Kwa nyumba zetu, ambazo wengi hupikia mkaa barazani au uani, umbali peke yake hautoshi. Wakati wa kaskazi moshi huelekea upande mmoja, na kusi ikianza kuvuma moshi uleule hugeuka, kwa hiyo mahali palipokuwa salama mwezi Januari panaweza kuwa njia ya moshi mwezi Juni. Chunguza upya kila upepo unapobadilika. Kumbuka pia kwamba mkaa uliokwisha kushika moto vizuri hauonyeshi moshi, ila hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Jiko lenye makaa lisiingizwe kamwe kwenye chumba cha ndege, hata usiku wa mvua.

Vikaango visivyoshika chakula, vile vilivyopakwa Teflon na mfano wake, vikiachwa motoni hadi vikapata joto kupita kiasi hutoa gesi inayoharibu mapafu ya ndege kwa muda mfupi sana, na ndege aliyeivuta ni vigumu kumwokoa. Tumia sufuria za kawaida au chungu. Ubani, udi, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupulizia wadudu, thina na rangi mpya ya ukutani viwe mbali na chumba chake. Najua kwamba kumwambia mtu wa pwani aache kufukiza udi ni kumwomba jambo zito, basi angalau afukize chumba kingine na milango ikiwa imefungwa. Kwa upande wa mbu, funika tundu kwa chandarua kisichotiwa dawa, ukikiweka mbali kidogo na nondo ili mdomo usikifikie.

Kuna hatari mbili za hewa ambazo miongozo iliyoandikwa kwingine haizitaji, kwa kuwa ni za mikoa ya korosho. Ya kwanza ni salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, katika miezi ya kiangazi. Vumbi lake husafiri na upepo na huwasha macho na njia ya hewa. Ikiwa nyumba yako inapakana na shamba, muulize mwenye shamba siku atakayopuliza, mwingize ndege ndani kabla kazi haijaanza, funga madirisha ya upande huo, na maji yaliyokuwa wazi yamwagwe. Ya pili ni kubangua korosho nyumbani. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na likikaangwa mafuta hayo hugeuka moshi unaowasha. Kazi hiyo ifanyike mbali, upande ambako upepo unatoka nyumbani kwenda nje, na mtu aliyebangua anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa ndege.

Hatua ya tatu: tundu lenyewe na vilivyomo

Tundu liwe pana kiasi cha ndege kukunjua mabawa yote mawili bila kugusa pembeni, na nafasi kati ya nondo iwe ndogo kuliko kichwa chake. Vijiti vya kusimamia viwe vya unene tofauti, vya mpera kwa mfano, ili nyayo zisipate vidonda kwa kukanyaga umbo lilelile mwaka mzima. Matawi ya mkorosho usiyatumie kwa sababu ya utomvu wake.

Kasuku huchunguza dunia kwa mdomo, kwa hiyo madini ya sumu humwingia kwa kutafuna. Waya mpya wa mabati una zinki, na mabaki yake yanayoning'inia ndiyo humezwa kwanza. Ukilazimika kuutumia, usugue kwa brashi na siki, kisha usuuze vizuri. Katika nyumba za wavuvi, Mikindani na Kilwa kote, ninaulizia chubwi, yaani vizito vya nyavu na mishipi. Chubwi nyingi ni za madini ya risasi, ni laini na kasuku huzifurahia, na kipande kidogo tu kikibaki tumboni kinatosha kumletea degedege na kupooza. Anapotolewa tundu kwa saa chache, feni izimwe, ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, nyaya za umeme zifichwe, na paka atoke nje.

Hatua ya nne: chakula

Mbegu za alizeti na karanga peke yake hunenepesha ndege huku zikimnyima vitamini A na kalsiamu, na kasuku wa kijivu hasa huweza kutetemeka na kuanguka kwa upungufu wa kalsiamu. Sehemu kubwa ya sahani iwe mboga, nafaka na kunde: matembele, majani ya mlonge, boga, karoti, viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, mahindi mabichi, na mbaazi au choroko zilizochemshwa zikaiva kabisa, kwani kunde kavu zisizoiva zina sumu. Kwa kalsiamu, okota ufukweni ule mfupa mweupe wa dome, kiumbe wa baharini wa jamii ya ngisi, uloweke katika maji baridi siku kadhaa ukiyabadilisha, uchemshe, uanike, kisha uufunge tunduni. Jua la asubuhi la nusu saa hivi, kukiwa na kivuli cha kukimbilia, humsaidia mwili wake kuitumia kalsiamu hiyo.

Karanga na mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi. Kama usingeila wewe, usimpe yeye. Korosho iliyobanguliwa na kukaangwa bila chumvi anaweza kupata kipande, mara mojamoja. Mabibo yaliyolala chini na kuanza kuchacha yana kilevi na hayafai, kama uraka, pombe ya mabibo, usivyofaa. Parachichi, chokoleti, kahawa, vitunguu, mihogo mibichi na vyakula vya chumvi asipewe hata kidogo.

Hatua ya tano: usafi, na suala la kuku

Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, na mabaki ya mboga yatolewe baada ya saa chache kwa kuwa joto letu huyachachua mapema. Loweka kinyesi kwa maji kabla ya kukikwangua ili vumbi lake lisiruke, kwani bakteria wa homa ya kasuku humfikia mtu kwa kuvuta vumbi hilo. Mwanafamilia akipata homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, amwambie daktari kwamba nyumbani kuna ndege. Ndege mpya akae chumba chake mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na wengine. Kuku wa uani wasitumie vyombo vya kasuku, maana mdondo huambukiza pande zote mbili.

Hatua ya sita: mizani na dalili

Kasuku huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, kwa hiyo usitegemee sura yake tu. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, mpime asubuhi kabla hajala, angalau mara moja kwa wiki, na uandike. Ndege wa gramu 400 akishuka hadi 360 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na hiyo ni safari ya kwa daktari hata kama bado anapiga mluzi. Usisubiri pia ukiona amejitunisha manyoya mchana, mkia unacheza kila anapopumua, amekaa chini ya tundu, au kinyesi kimepoteza sehemu yake ya kijani.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo ndani ya boksi lenye matundu, lililofunikwa nusu, likiwa na joto bila upepo. Dawa za kuku za dukani usimpe kwa kukisia, kwani kipimo chake ni tofauti. Chukua daftari la uzito na kinyesi cha siku hiyo kwenye karatasi safi, na umweleze daktari kila kilichopikwa, kilichopuliziwa na kilichofukizwa nyumbani tangu jana yake.