Jinsi ya kupokea sevu (ule mpira wa kuanzisha pointi kwenye tenisi) kama David Ferrer ukiwa Mbeya na urefu huna

Nawaandikia hasa wadogo zangu wafupi, maana kila jioni pale uwanjani nasikia "mi tenisi siiwezi, sina urefu", inaniuma kweli. David Ferrer wa Jávea, Hispania, ana sentimita 175 tu na alifika namba 3 duniani mwaka 2013, mwaka huohuo akacheza fainali ya French Open, mashindano makubwa ya Paris, akafungwa na Rafael Nadal, mfalme wa viwanja vya udongo, na kufungwa na Nadal pale Paris kwenye udongo sio aibu hata kidogo. Mpaka anastaafu 2019 kule Madrid alikuwa na mataji 27 ya ATP, yaani mashindano ya wanaume wa kulipwa. Sevu yake haikuwa ya kutisha mtu, ila miguu na kupokea, jamani!

Kwanza jifunze kale kakuruka. Mwenzako akiwa anaugonga mpira wa sevu, wewe ruka kidogo tu, utue kwa vidole, miguu imeachana kupita mabega, magoti yamekunjwa. Usisubiri uone mpira umeenda wapi ndo uruke, hapo umeshachelewa. Kama hampo vizuri kwenye sevu, mwambie asogee mpaka kwenye mstari wa boksi la sevu (kile kisanduku cha karibu na neti sevu inapotakiwa kutua), arushe mpira kwa mkono toka juu ya bega, 20 kulia 20 kushoto, alafu mnabadilishana. Raketi usiipeleke nyuma sana, ikifika usawa wa bega inatosha, kosa la wengi ni kuivuta kama wanapasua kuni na mpira unakuwa umeshapita.

Ukiwa peke yako tafuta ukuta. Chora mstari wa chaki sentimita 91 kutoka chini, ndo neti pale katikati, piga upite juu yake. Ukija bekihendi (upande wa pili wa mkono unaoshika raketi) wahi kuuzunguka upige fohendi (upande wa mkono wa raketi), Ferrer alikuwa anafanya hivyo mechi nzima na hachoki.

Sasa hili la kwetu mlisikilize vizuri. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unapaa. Madrid ni mita 650 hivi na wachezaji wakubwa wanalalamika, sembuse huku. Kwa hiyo zungusha mpira, raketi itoke chini kwenda juu, na ulenge mita moja au mbili ndani ya mstari wa nyuma. Mipira mipya inakimbia mno, iliyochoka kidogo ndo mizuri ya kujifunzia. Ila Juni na Julai asubuhi ile baridi mpira haudundi, kunja magoti zaidi, na sweta usivue mpaka jasho litoke, msuli ukivutika ni wiki nzima umekaa nyumbani.

Miguu ijengwe mlimani, na milima tunayo. Nenda njia za kuelekea Loleza, kimbia kupanda sekunde 20, shuka ukitembea, mara 8, siku 2 kwa wiki. Usishuke mbio, magoti yataumia.

Na kukata tamaa kupo, hata Ferrer akiwa kijana aliacha tenisi akaenda kubeba matofali kwenye ujenzi, wiki moja hivi akarudi kwa kocha wake. Na wewe ukiacha siku kadhaa usione aibu kurudi, chukua chaki nenda ukutani, anza na 20 za kulia.