Ukiletewa mtoto wa makako Bukavu, tazama kwanza dole gumba

Mimi ni mama wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, Kongo, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kulisha wanyama yatima. Majirani wanajua, ndiyo maana hunipigia hata Jumapili wakati wa misa: "Mama, kuna makako hapa, amefungwa kamba kiunoni, analia. Tumpe ndizi?" Huwa najibu: ndizi iwekeni kando, kwanza niangalieni mkono wake.

Hapa kwetu kila chenye mkia kinachopanda mti tunakiita makako, lakini wanaofika mjini kutoka Mwenga, Shabunda au pembeni mwa hifadhi ya Kahuzi-Biega si wa aina moja. Mshike kwa kitambaa kizito, umkunjue vidole taratibu. Akiwa na vidole vitano kamili, ni kima wa kawaida: yule wa mstari mweupe puani, au yule wa ndevu nyeupe, au ndugu zao. Ukikuta vidole vinne virefu, na mahali pa dole gumba pana kinundu tu, huyo ni mbega. Akiwa hana mkia kabisa, basi si kima wala mbega. Ni mtoto wa sokwe, na hapo piga simu ICCN, taasisi ya serikali inayolinda wanyama pori, kabla hujamaliza kusoma.

Kwa nini nasisitiza dole gumba? Kwa sababu tumbo la mbega limegawanyika vyumba kama la ng'ombe. Chakula chake ni majani, hasa machanga, pamoja na mbegu na matunda mabichi, na ndani ya tumbo lile wamo vijidudu vinavyochachusha majani. Ukimtilia ndizi mbivu, mkate, biskuti au Fanta, sukari inachacha haraka, tumbo linajaa gesi na asidi, linavimba na kuwa gumu. Wengi hufa hivyo, mikononi mwa watu waliowahurumia. Mtoto ambaye bado ananyonya naye hawezi ndizi, awe mbega au kima.

Na majani pia usiokote popote. Bukavu kila ua una mti wa avoka, na mkono unakwenda hapo wenyewe. Majani ya avoka ni sumu kwa wanyama wengi. Sombe mbichi, yaani majani ya muhogo, ina sumu ya sayanidi. Sisi tunaitwanga na kuichemsha sana, yeye hana chungu. Usibahatishe: uliza kwa simu majani gani yanafaa, na mpaka ujibiwe mpe maji tu.

Mbega mwekundu ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Karibu aina zote za mbega wekundu wa Afrika zimo hatarini. Msomaji wa Zanzibar anamjua ndugu yake, kima punju wa Jozani, ambaye akishakula majani ya mwembe na ya mti wa mkungu hutafuna makala, yaani makaa ya kuni, ili kupunguza makali ya kemikali zilizomo. (Makala! Sisi tunakatia msitu kwa ajili yake, yeye anayafanya dawa.) Kenya wana wao wa Mto Tana, wachache mno. Na kule Ghana na Côte d'Ivoire kuna aina moja ambayo wataalamu hawajaithibitisha ikiwa hai tangu 1978.

Wa kwetu, katika misitu ya Itombwe na upande wa chini wa Kahuzi-Biega, wanaishi makundi makubwa yenye kelele, juu kabisa kwenye miti mirefu. Mwindaji hahitaji kuwatafuta, anawasikia. Bunduki ikilia hawatoroki upesi kama kima wengine; hukaa juu pale wakitazama na kupiga makelele, na risasi ya pili inapata wa pili. Mama huzaa mmoja tu, halafu hukaa kama miaka miwili kabla ya mwingine. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa, huyo aliye mbele yako. Usimnunue. Najua muuzaji mara nyingi ni kijana mwenye njaa tu, na mnyama anakutazama. Lakini mtoto wa mbega hang'oki mwenyewe tumboni mwa mama yake. Akiwa sokoni, mama ameuawa, na huenda nyama yake ya moshi imekuja kwenye gunia lilelile. Dola zako zinamwambia mwindaji kwamba hata mtoto analipa, na safari ijayo ataleta wawili. Usigombane naye pia, wala usipige picha ya kuweka kwenye WhatsApp. Picha ya makako aliyevaa nguo za mtoto humfanya mwingine amtamani. Zungumza kwa upole, ujue ametoka wapi, kisha sogea pembeni upige simu ofisi ya ICCN hapa mjini. Ndiyo taasisi ya serikali yenye mamlaka ya kumchukua, na sheria ya uhifadhi namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inaipa nguvu. Ukimbeba mwenyewe kwenye moto (pikipiki) bila kumwarifu mtu, kwenye kizuizi utaonekana mfanyabiashara.

Ikiwa amekwisha kuachwa mlangoni kwako, anza na joto. Mtoto aliyepoa hawezi kusaga hata maziwa, kwa hiyo usimlishe mpaka mikono na miguu yake ipate joto. Chukua karto (boksi), tandika nguo, jaza chupa maji ya moto, uifunge vizuri kwa taulo asije akaungua. Kunja kitenge kiwe mviringo mnene, umpe akikumbatie. Utaona anavyokibana kwa mikono na miguu, kisha kelele zinapungua. Kamba ya kiunoni ikate kwa mkasi, polepole; ikiwa imezama kwenye kidonda usiivute, mwachie daktari wa mifugo.

Akishapata joto, changanya pakiti ya ORS (ile chumvi-sukari ya mtoto anayehara) kwenye maji yaliyochemshwa, kipimo kilekile cha mtoto wa binadamu, yakiwa vuguvugu. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache pembeni mwa mdomo. Hapa ndipo kina mama tunapoponzwa na mazoea yetu: tunamlaza chali kama mtoto wetu. Hapana. Kaa naye kichwa juu, tumbo likiegemea kitenge, maana akilala chali maji yanaingia mapafuni. Maziwa ya ng'ombe usimpe. Ikiwa usiku umeingia na hakuna wa kumchukua, uliza kwa simu kuhusu maziwa ya kopo ya watoto wachanga na kiasi chake.

Funga barakoa, na watoto wa nyumbani wakae mbali, hata wakilia. Mafua yetu, surua na kifua kikuu vinamuua. Yeye naye anaweza kukupa vyake. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Kituo kinachopokea yatima hawa upande wetu ni Lwiro, ukipita Miti na Kavumu kuelekea Katana. Kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN. Huko mgeni hutengwa kwanza, apimwe, ndipo atafutiwe wenzake. Usifike naye bila taarifa. Mruhusu aende na kitenge chake, na umpe anayempokea karatasi yenye mambo haya: alionekana wapi, gari lilitoka njia gani, amekula nini kabla yako, amemuuma nani.

Ukishamkabidhi, chemsha nguo zote, choma karto. Kwa siku 21 angalia mwili wako na wa waliomshika. Homa au vipele vikitokea, usinywe dawa za duka la mtaani. Mpox, ugonjwa wa kuambukiza wa homa na vipele, tuliiona Kamituga, mji wa migodi wa mkoa wetu, tangu 2023. Nenda kituo cha afya, na neno la kwanza umwambie muuguzi ni kwamba ulishika makako.