Somo: Kiti cha dirishani cha kuuonea Mlima Kilimanjaro

Naandika somo hili ili kila anayeniuliza akae upande gani nimwelekeze hapa, kwa maana wiki hii pekee nimeulizwa mara nne, na mmoja wao aliuliza akiwa ameshafunga mkanda.

Hatua ya kwanza: omba kiti cha dirishani mapema, unapokata tiketi.

Hatua ya pili: jua upande. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Nilikuwa nikisafiri na mama kutoka Nairobi kwenda Dar es Salaam, naye alikuwa ameniambia wazi kwamba anataka kuuona mlima kutoka juu angalau mara moja. Nilifungua ramani, nikaona mlima uko kushoto mwa mstari wa safari, nikachukua viti vya kushoto bila wasiwasi wowote. Nilisahau kwamba ramani huweka kaskazini juu, ilhali sisi tulikuwa tukielekea kusini, kwa hiyo magharibi, uliko mlima, ilikuwa mkono wetu wa kulia. Rubani alipotangaza, abiria wa upande wa pili waliinua simu zao, na mama akaambulia visogo. Tulipotua aliniuliza kama mlima umehamishwa.

Tangu siku hiyo huigeuza ramani mpaka mji niendako uwe juu, ndipo nasoma kushoto na kulia. Ukitoka Dar kwenda KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), kaa kulia. Ukitoka Nairobi kwenda KIA, kaa kushoto. Ukitoka Nairobi kwenda Dar au Mombasa, kaa kulia. Onyo: wakati wa kurudi upande hubadilika, kwa hiyo usikariri neno moja ukalitumia safari zote mbili. Onyo jingine: njia ya ndege hubadilishwa kwa sababu ya hali ya hewa au maelekezo ya waongoza ndege, na hapo usinidai. Herufi A ni dirisha la kushoto. Dirisha la kulia lina herufi ya mwisho ya safu.

Hatua ya tatu: kwepa bawa. Kwenye Airbus A220 au Boeing 737 bawa liko chini ya madirisha, hivyo kaa mbele kabisa au nyuma kabisa. Kwenye ATR na Q400, zile za pangaboi, bawa liko juu na ardhi huonekana vizuri, isipokuwa safu zilizo sambamba na injini.

Hatua ya nne: safiri asubuhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpare wa Ugweno: Natoka Dar kwenda KIA Ijumaa. Nikae wapi?
Jibu: Hatua ya pili.

Mpare wa Ugweno: Nimeisoma, ila ungejibu tu.
Jibu: Nimejibu kwa kuandika somo zima, ndugu yangu. Kulia.

Bi Mkunazini: Samahani, kwa nini asubuhi? Mimi nilipita saa nane mchana nikaona kofia ya mlima tu.
Jibu: Swali zuri, dada. Jua linapopasha moto miteremko, hewa yenye unyevu kutoka msituni hupanda, hupoa na kuwa mawingu, kwa hiyo kufikia mchana kiuno cha mlima huwa kimefunikwa. Hiyo kofia uliyoiona ni kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, ambacho mara nyingi hutokeza juu ya mawingu hata Mawenzi, wenye mita 5,149, ukiwa umefichika. Asubuhi ina kasoro moja: ukitoka Dar, dirisha la kulia hutazama jua. Ukirudi jioni, ukikaa kushoto, jua huwa nyuma yako na barafu hung'aa.

Kijana wa Kiponda: Nami niongeze kuhusu picha: vaeni nguo nyeusi, kwa sababu shati jeupe huakisiwa kwenye kioo.
Jibu: Kweli kabisa. Sogeza pia simu karibu na kioo bila kukigusa, kwa sababu mtetemo wa ndege huharibu picha.

Mzee wa Tanga: Kabla ya mlima hakuna cha kuona?
Jibu: Kipo, mzee wangu. Kwa safari ya Dar kwenda KIA, upande huohuo wa kulia utapata Usambara, kisha milima ya Pare, na karibu na kutua bwawa la Nyumba ya Mungu. Usisinzie.