Panorama yako isiende mrama: anza kusawazisha chini

Kama umewahi kupanda Ngong Hills na tripodi, ukapiga picha saba za kuunganisha ziwe moja pana, yaani panorama, halafu ukafika nyumbani ukapata vilima vinashuka kama ngazi, basi tuko pamoja. Mimi picha yangu ya kwanza ilikuwa imenyooka kabisa, kipovu cha pima maji katikati, lakini kila nikizungusha kamera inazidi kulala upande, na nilipokata zile pembe zilizopinda kwa kompyuta nikabaki na kautepe kembamba bila mawingu, na mawingu ndiyo yalinipeleka huko juu. Iliniuma sana.

Kamera haikuwa na makosa. Bolihedi nyingi, hivi vichwa vyenye gololi ndani, zinazungukia chini pale zinapokalia miguu ya tripodi. So ukilegeza gololi ukanyoosha kamera peke yake, kile kinachozunguka bado kimeinama vile miguu imeinama. Kinachotakiwa kulala sawa ni ile sehemu inayozunguka, hiyo ndiyo siri yote.

Njia ya pesa kidogo kabisa ni pima maji kadogo ka plastiki, kale ka mafundi wa ujenzi, hardware yoyote ya mtaani wanako. Fungua kichwa, kaweke juu ya bamba la miguu, soma, kageuze kama msalaba usome tena, rekebisha mguu mmoja mmoja. Pale Uhuru Park kwa sakafu utamaliza chap chap, lakini kwa mteremko wenye upepo utahangaika maana ukigusa mguu huu ule mwingine unaharibika.

Ndio maana kitu cha kwanza ningekwambia ununue ni klampu ya kuzunguka. Inakaa JUU ya gololi, kwa hivyo gololi inakuwa ya kusawazisha na klampu ndiyo inazungusha kamera, miguu hata ikae vile inataka. Chukua yenye kipovu na alama za digrii, na ujaribishe hapo hapo dukani kama inashika kibamba cha kamera yako, kile kinachofungwa chini yake, nyingi ni za aina ya Arca-Swiss. Ubaya wake, huwezi kuinua kamera juu au kuiinamisha bila kuharibu usawa. Ukitaka hiyo tafuta besi ya kusawazisha inayoingia kati ya miguu na kichwa, ni nzito na bei inapanda, na uangalie skrubu, kwa miguu mara nyingi ni inchi 3/8 na chini ya kamera ni 1/4, kuna kabushi kadogo ka kubadilisha.

Reli ya kurudisha kamera nyuma, kile kipande kirefu cha chini ya kamera kinachofanya izungukie kwenye lenzi, wengi hawaihitaji. Kama kila kitu kiko mbali, mfano majengo ya Upper Hill ukiwa juu ya jengo la KICC Nairobi, wacha. Lakini kukiwa na vyuma vya kushikilia vya ngazi au tawi karibu na wewe, vitu vya mbele vitakatika mahali picha zinaungana. Fundi wa madirisha ya alumini anaweza kukukatia kipande kigumu akatoboa mfereji katikati, skrubu tu isiwe ndefu ikasukuma ndani ya kamera. Kuipima, tafuta nguzo mbili, moja karibu moja mbali, zipange zionekane kama moja, zungusha kamera kushoto na kulia. Zikiachana, rudisha kamera nyuma kidogo, ujaribu tena mpaka zisiachane, kisha weka alama na kalamu ya maka, kila lenzi na alama yake.

Kupiga sasa. Simamisha kamera wima, utapata anga zaidi, hapo ndio utahitaji kibamba cha umbo la L kinachoshika kamera ikiwa wima. Lenzi ya milimita 18 kwa kamera yenye sensa ndogo ya APS-C (sensa ni kile kinachonasa picha), zungusha digrii 30 kila picha, mzunguko mzima ni picha 12 na kila moja inagusana na jirani yake karibu theluthi. Mwangaza, rangi na fokasi vyote viwe manual, uvipange mwenyewe, visibadilike katikati. Kuunganisha, programu ya Hugin ni ya bure na inafanya kazi safi.

Na kabla ya picha ya kwanza piga mkono wako, baada ya ya mwisho piga tena, ndio jioni ukiangalia picha mia mbili zinazofanana ujue panorama gani inaanzia wapi.