Kusoma nakshi za Aldegrever kwa jicho la sonara

Mimi ni sonara, nachonga nakshi kwenye bangili, kwa hiyo picha hizi za karne ya 16 nazitazama kama vielelezo vya kazi. Na ndivyo zilivyokuwa. Heinrich Aldegrever wa Soest, Ujerumani, alichonga kwenye mabamba ya shaba michoro ya ala za majambia, akaipiga chapa karatasini ili mafundi waige.

Chukua lenzi, au kuza picha kwenye simu. Anzia chini, katikati: mara nyingi utakuta chombo au shina, na mengine yote hupanda kutoka hapo. Ziba nusu moja kwa kadi. Kulia na kushoto hufanana sana. Ukiondoa kadi, kaa zaidi pale zilipoachana.

Fuvu la ng'ombe lenye shada la maua pembeni nililidhania uso wa shetani, nikamweleza mteja hivyo bila hata haya. Kumbe ni la madhabahu za Warumi, ambako ng'ombe walichinjwa kafara; nenda kwenye madhabahu ya kale ya Ara Pacis, Roma, utayaona mafuvu hayo yamechongwa ukutani. Fuvu la mtu ni habari nyingine: hilo ni kifo, hasa likiwa karibu na saa ya mchanga au mtoto. Barthel Beham, mchongaji wa Nuremberg, katika picha yake alimlaza mtoto kando ya mafuvu.

Pomboo aliyejiviringisha kwenye nanga ni wepesi na utulivu pamoja. Aldus Manutius, mpiga chapa wa Venice, aliifanya nembo yake mwaka 1502: harakisha polepole. Si sawa na haraka haraka haina baraka. Sisi tunaikemea haraka, wao walizitaka zote mbili. Pomboo asiye na nanga, ambaye mkia umegeuka jani, huenda anajaza kona tu. Nami nimeshajaza kona kwa samaki.

Watu wenye miguu ya mbuzi na viumbe nusu mmea usiwatafutie maana mmoja mmoja. Wachoraji waliwakuta wamechorwa, mwishoni mwa karne ya 15, kwenye vyumba vya kasri la Nero, mtawala wa Roma ya kale, vilivyofukiwa na udongo, wakawapenda.

Malizia kwa sahihi ya Aldegrever: A yenye G ndani, akimwiga Albrecht Dürer, msanii maarufu wa Nuremberg, aliyeweka D ndani ya A. Chapa hugeuza mchoro, kwa hiyo herufi zilichongwa kinyume. Ukitaka kuona bamba lilivyokuwa mkononi mwake, shika picha mbele ya kioo.