Madaktari wawili, mke mmoja

Ndugu zangu, mke wangu ana endometriosisi, na ana bipola pia. Amenipa ruhusa niandike haya, mradi nisimtaje jina.

Kwa wageni: endometriosisi ni pale ambapo nyama inayofanana na ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake, kwenye ovari, utumbo, hata kibofu. Inakadiriwa kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anayo, na wengi hukaa miaka kabla ya kuambiwa jina lake. Bipola mnaijua, ule ugonjwa wa akili wa moyo kupanda na kushuka: kuna majuma ya kupaa na majuma ya kuzama.

Mimi ni fundi wa mabati hapa Nakuru, si daktari. Nilichojifunza ni kwamba anayemtibu tumbo na anayemtibu akili hawakutani. Anayelala na magonjwa yote mawili chumba kimoja ni wewe.

Hatua ya kwanza: amini. Akisema inauma, inauma. Usimwambie kila mwanamke huumwa, na wala usikubali shangazi wamwambie azae itaisha. Mimba si tiba ya ugonjwa huu. Sisi tulipoteza miaka miwili kwa ushauri huo.

Hatua ya pili: daftari. La shilingi thelathini linatosha. Kila jioni tunaandika mambo manne: hedhi iko au haiko, maumivu ni mangapi kwa kumi, amelala saa ngapi, moyo ukoje. Ongeza dawa zote alizomeza siku hiyo, hata ile aliyopewa na jirani. Anaandika mwenyewe, mimi nashika kalamu siku ambazo hawezi. Ukishika kila siku litageuka kuwa faili la polisi.

Hatua ya tatu: dawa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipoponea chupuchupu.

Wakati huo alikuwa anatumia lithiamu, dawa ya bipola. Hedhi ikaja kwa fujo, nikakimbia kemisti, nikapewa diklofenaki ya maumivu. Hakuna aliyeniuliza anameza nini kingine, na mimi sikusema. Siku ya nne kikombe cha chai kilikuwa kinagonga meno yake. Anatapika, anayumba kama mlevi. Mimi nikadhani ni wasiwasi! Aliyejua ni daktari wa akili, kwa swali moja: "Amekunywa nini ya maumivu?" Diklofenaki, Brufen na jamaa zake huzuia figo kutoa lithiamu, basi inajaa kwenye damu hadi inakuwa sumu. Kuharisha na kukaukiwa maji nako huipandisha.

Basi shika haya. Wa lithiamu asipewe dawa hizo za maumivu bila daktari wake kujua. Wa kabamazepini (hii, lamotrijini na valproeti nazo ni dawa za bipola) aseme hivyo kabla ya kuandikiwa vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo hutumika pia kutuliza endometriosisi, maana kabamazepini huvipunguza nguvu. Anayetumia lamotrijini aseme pia, kwani vidonge vyenye estrojeni huishusha kwenye damu. Na kama anameza valproeti na mnawaza mtoto, nendeni kwa daktari kwanza, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiache dawa yoyote ya akili ghafla eti kwa kuwa umesoma hapa. Chukua daftari, nenda kliniki zote mbili, liweke mezani.

Hatua ya nne: siku yenyewe. Chupa ya maji moto, uji, watoto wapelekwe kwa mama mdogo. Nguo nafua mimi. Majirani walicheka mwezi wa kwanza, wakachoka.

Hatua ya tano: kitandani. Wengi mmeniuliza faraghani, basi nasema wazi. Tendo la ndoa linaweza kumuuma kwa ndani kabisa. Akijikaza ili usikasirike, nyumba nzima itaumwa. Muulize kabla, na akisema basi, iwe basi, bila kununa asubuhi.

*MASWALI*

Wa Lanet: Mzee, wangu alipigwa picha ya ultrasaundi, hakuna kitu. Si anaigiza?

Hapana. Ultrasaundi inaweza kuona uvimbe wa ovari na kukosa vipande vidogo. Kuna uchunguzi wa kuingiza kamera tumboni kupitia tundu dogo, laparoskopia. Ombeni rufaa kwa daktari wa wanawake.

Wa Kisumu: Kaka, akizama nitajuaje ni hedhi au ni bipola?

Siku hiyo hiyo hujui. Miezi mitatu ya daftari ndiyo itakuonyesha kama anazama kabla ya damu au wakati wowote. Tafadhali usimuulize "uko kwa siku zako?" akiwa amekasirika. Nimefanya hivyo. Sijasahau.

Wa Molo: Wakitoa mfuko wa uzazi, si yameisha?

Si lazima, kwa sababu nyama imeota nje ya mfuko. Wengine hupata nafuu, wengine maumivu hubaki.

Wa Kakamega: Shemeji yenu alisema anataka kujimaliza. Nikimpeleka hospitali, polisi hawatamshika?

Mpeleke leo, usimwache peke yake, na dawa zote za nyumbani zifungiwe. Kusema si kosa. Hata kuhusu kujaribu, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichokuwa kinawashtaki waliojaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Niandikie ukifika.

Wa Njoro: Na wewe nani anakushika?

Dada yake huja Jumapili mchana kutoka Bahati. Mimi nashuka mtaa wa Section 58 kucheza drafti saa tatu nzima bila kuongea na mtu. Simu inakuwa mfukoni, imewashwa.