Jinsi ya kuuza, kubeba na kutunza panga bila kuleta balaa mtaani

Nauza vifaa vya shamba hapa Mbuyuni, Moshi. Majembe, mundu, tupa za kunolea, na panga ndo zinatoka kuliko vyote. Juzi jioni kaja dogo na yunifomu ya shule anataka panga, namuuliza la nini, la mama. Nikamwambia sawa mwite mama aje achague mwenyewe, akaondoka na hakurudi. Labda alikuwa anasema kweli, sijui, ila usiku ule nililala vizuri.

Uingereza wao, kuzuia silaha hizi mtaani, wameenda na umbo la kisu. Kuanzia tarehe 24 Septemba 2024 kule England na Wales ukikutwa na kisu au panga la mtindo wa zombi ni kosa hata kama umeliweka tu kabatini kwako, na kabla ya hapo walitoa karibu mwezi mzima watu wasalimishe, fidia pauni 10 kwa kila kimoja. Wanapima bapa la zaidi ya inchi 8 lenye ncha kali, halafu liwe na meno au matundu au miiba. Nawaelewa kabisa, lile dude halilimi wala halikati ndizi, limetengenezwa kutisha watu. Sasa huku kwetu umbo halitusaidii, maana panga la yule mama wa Uru anayeshuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani ni lilelile analovizia nalo mtu mwenye boda usiku. Kwa hiyo sisi tuangalie nani analo, yuko wapi na ni saa ngapi.

Kwa mangi mwenzangu unayeuza: mtoto usimuuzie, hata akija na hela kamili. Panga usizining'inize nje mlangoni, ziweke nyuma ya kaunta mtu aombe. Usimnolee mteja palepale dukani, akanoe nyumbani kwake. Mtu anataka ukate mpini uwe mfupi ili liingie kwenye jaketi? Huyo mnyime, na mtaarifu mwenyekiti wa mtaa au polisi kata siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Kubeba ndo watu wanakosea sana. Chukua kipande cha gunia, anzia kwenye ncha, zungusha mara tatu mpaka makali yasisikike ukipapasa kwa juu, halafu kaza na mpira wa tyubu ya baiskeli sehemu mbili, karibu na ncha na karibu na mpini. Kwenye haisi liweke chini ya siti. Kwenye boda usilichomeke kiunoni wala mgongoni, mkianguka linakuingia wewe mwenyewe au dereva, lifunge kwenye keria. Na kama shamba liko mbali rudi mapema jamani, panga wazi mkononi saa tatu usiku pale Pasua au Majengo hakuna atakayekuuliza kama unatoka shamba, watu wataanza kupiga kelele za mwizi na wewe unajua kinachofuata.

Nyumbani zihesabu. Mimi ninazo mbili na kisu kimoja cha kuchinjia, zinakaa juu ya dari la stoo na funguo ninayo mimi na mama watoto basi. Ukiona moja haipo na kijana wako anachelewa kurudi, usianze na kofi, kaa naye umwambie sheria ilivyo: unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30, na panga la kutishia tu kumnyang'anya mtu simu linatosha, si lazima umkate. Mtu wa miaka 19 atoke na 49, mama yake hayupo tena. Waambie kwa hesabu hiyohiyo, inaingia.

Na ikitokea mtu kachomwa, kisu kikiwa bado kimo mwilini USIKICHOMOE, ndo kinazuia damu. Kandamiza pembeni yake kwa kanga au shati safi, usiachie kila saa kuchungulia. Piga 112. Muwe wawili kama inawezekana, mmoja ampeleke hospitali na mwingine akimbilie kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, maana ile fomu itaulizwa tu na ndo hiyohiyo itatumika kwenye kesi.